Zimwi Lililomeza Chemchemi ya Mamvua

Paukwa!

Pakawa!

Ardhi?

Ina masikio.

Mlima?

Una jina.

Mtoto?

Ana adabu.

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Aliye nyuma aje mbele, na anayetafuna amalize kwanza, maana hadithi hii haitaki mdomo uliojaa.

Basi, hapo kale, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kilichokaa begani mwa mlima. Kijiji hicho kiliitwa Ngeria. Juu ya kijiji kulikuwa na msitu, na katikati ya msitu, chini ya mawe mawili yaliyoegemeana kama ndugu, ilitoka chemchemi. Chemchemi hiyo ilikuwa na jina. Iliitwa Mamvua.

Watu wa Ngeria hawakuwa na ng'ombe wengi. Hawakuwa na mikuki mingi. Lakini walitembea vifua mbele kwa sababu ya jambo moja: walijua kusalimia.

Hawakusalimia watu tu. Waliusalimia mlima jua lilipochomoza. Waliusalimia mti kabla ya kukata tawi. Waliusalimia udongo kabla ya kutia jembe. Na msimu wa kupanda ulipofika, walikwea hadi msituni na kibuyu cha dengelua, ile pombe ya miwa, wakamimina kidogo penye mizizi ya mkuyu mkubwa, wakasema, "Waliotangulia, hiki chenu. Ardhi, hiki chako. Na sisi tutakula tulichopewa."

Wageni waliopita waliwacheka kwa hayo. Watu wa Ngeria waliwatazama wageni wale, na vumbi la nchi zao miguuni, wakawapa maji ya kunywa na wala hawakubishana nao.

Sasa, katika kijiji hicho aliishi mwanamke mmoja, jina lake Nakunda. Alikuwa mfinyanzi. Alikuwa na mikono mipana, na udongo chini ya kucha usiotoka hata siku ya harusi. Mume wake aliitwa Kangero, na mtoto wao aliitwa Naetwe. Udongo wa vyungu vyake Nakunda aliuchimba kwenye kingo za kijito, chini kidogo ya chemchemi, na kila chungu kilichovunjika alikirudisha palepale alipouchukua. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Tena mama yake alimwachia kazi nyingine. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajateka, Nakunda alikwenda chemchemini kuisalimia kwa niaba ya kijiji kizima. Alipiga goti kwenye jiwe, akagusa maji kwa vidole, akaimba:

*Mamvua, umelalaje?*
*Sisi wako tumeamka.*
*Tunateka, hatunyang'anyi;*
*tunakunywa, hatukaushi.*

Na maji yaliitikia. Yalipanda kidogo, yakagusa goti lake, yakashuka. Ndipo watu wakateka.

Basi, huko chini, bondeni kwenye joto, lilikaa zimwi. Zimwi hili lilikuwa na mdomo mmoja mbele kama watu, na mdomo mwingine kisogoni. Wa mbele ulisema maneno mazuri. Wa kisogoni ulimeza. Lilikuwa limekwisha kumeza nchi yake yote: mito, nyasi, hata kivuli. Sasa lilikuwa na njaa, na kila likiinua macho liliona msitu wa Ngeria umekaa kijani juu ya mlima.

Lakini zimwi, wajukuu zangu, haliwezi kumeza kinachosalimiwa. Linameza kilichosahauliwa. Hiyo ndiyo sheria ya mazimwi, na hakuna zimwi lililowahi kuivunja.

Siku moja zimwi likajigeuza mtu. Likavaa kilemba kikubwa kuficha kisogo, likajipaka mafuta, likapanda mlima. Lilipofika Ngeria likasema jina lake ni Bwana Shibe, na kwamba limekuja kuwasaidia.

Nakunda alikutana naye njiani, chungu kichwani. Akamsalimia kwa adabu, kama mgeni anavyosalimiwa. Mgeni hakuitikia. Alitabasamu tu, akapita. Nakunda akasimama akamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Alimwambia mumewe jioni ile kwamba mtu asiyeitikia salamu ana kitu anachokificha. Kangero akacheka, akasema labda mgeni hakusikia.

Bwana Shibe akakaa barazani kwa Mfumwa Mrindoko. Mfumwa ndiyo jina walilomwita mtawala wao. Mrindoko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuitwa mtawala wa kijiji kidogo.

Siku ya kwanza Bwana Shibe akamwambia Mfumwa, "Acheni kumimina pombe ardhini. Ardhi haina koo." Watu wakatazamana. Wakaona kweli, hakuna aliyewahi kuliona koo la ardhi. Msimu ule wakainywa pombe yote wenyewe, na hakuna lililotokea. Ila mkuyu mkubwa ulipukutisha majani.

Siku nyingine akamwambia Mfumwa, "Acheni kusalimia miti. Mti hauna masikio." Akatoa chini ya vazi lake mashoka, moja kwa kila mwanamume. Yalikuwa mashoka ya uchawi. Ukilielekeza tu kwenye mti, shoka linakata lenyewe, nawe umekaa unakuna kichwa. Akawaambia pale penye msitu patakuwa na mashamba mapana, na mtu hatatoka jasho tena. Wanaume wakafurahi. Kangero naye akachukua shoka.

Mvule ukaanguka. Mringaringa ukaanguka. Mkuyu mkubwa ukaanguka. Na kila mti ulipoanguka bila salamu, Bwana Shibe alilamba midomo.

Nakunda akaenda barazani. Akapiga magoti mbele ya Mfumwa, akamweleza kwamba kila asubuhi maji yanazidi kupungua, kwamba zamani yalifika gotini mwake na sasa yanagusa kidole cha mguu tu. Akamwomba ayazuie mashoka. Mfumwa akamgeukia mgeni wake, na mgeni wake akamcheka yule mama kwa upole, kama mtu anavyomcheka mtoto.

Basi mara ya tatu Bwana Shibe akasema, "Acheni kuyaimbia maji. Maji hayana moyo."

Hapo Mfumwa akasita. Alikuwa ameoshwa kwa maji ya Mamvua siku aliyozaliwa. Lakini alikwisha kukubali mara ya kwanza, alikwisha kukubali mara ya pili, na mtu aliyekubali mara mbili huona haya kukataa mara ya tatu. Akatangaza kwamba njia ya chemchemini imefungwa, na atakayekwenda kuimba amemtukana Mfumwa.

Asubuhi yake Nakunda akajifunga kanga, akashika mlango. Kangero akamzuia. Alimwambia, "Mama Naetwe, usiniaibishe mbele ya wenzangu. Asubuhi moja tu. Kesho nitasema nao."

Nakunda alimtazama. Alimpenda mume wake. Akauachia mlango, akakaa chini, akampakata Naetwe. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mlima uumbwe, Mamvua hakusalimiwa.

Jua halijafika juu, watu wakasikia kishindo msituni.

Bwana Shibe alikuwa amesimama chemchemini. Akafungua kilemba. Kikaanguka, na watu wakauona mdomo wa kisogoni, mweusi, mpana kama mlango wa zizi. Zimwi likageuka kinyumenyume. Likameza magogo ya miti. Likameza wanaume waliokuwa wakikata, na mashoka yao, na Kangero katikati yao. Kisha likainama juu ya mawe mawili, likaimeza chemchemi mpaka tone la mwisho.

Tumbo lake likafura, likawa kama kilima. Likakaa juu ya mlima mahali pa msitu, likasema kwa ule mdomo wa mbele, uliokuwa bado mzuri:

"Sasa nisalimieni mimi. Anayetaka maji aje akitambaa. Apige goti kwangu, animiminie mimi, aniimbie mimi. Nami nitampa tone."

Kijito kikakauka. Vyungu vikakauka. Ndimi za watoto zikakauka. Naetwe aliomba maji, akaomba tena, kisha akaacha kuomba, akawa anatazama tu. Kunyamaza kwa mtoto, wajukuu zangu, ndiko kunakomaliza nguvu za mzazi.

Basi Mfumwa Mrindoko akawakusanya waliobaki. Aliwaambia, huku hawezi kuinua uso, kwamba hakuna njia nyingine. Watatambaa. Wakaanza kupanda mlima kwa magoti na viganja, wazee na akina mama, vumbi puani, na Mfumwa mbele yao.

Nakunda akamkabidhi Naetwe kwa bibi yake. Akanawa uso kwa vumbi, maana maji hayakuwepo. Naye akapanda mlima.

Lakini yeye alipanda akiwa amesimama.

Alipita katikati ya waliokuwa wakitambaa. Mama mmoja akamshika upindo wa kanga, akamsihi ainame, asije akawaponza. Nakunda akamshika mkono yule mama taratibu, akajitoa, akaendelea. Alikuwa na hofu. Magoti yake yalitaka kuinama yenyewe. Akayakataza.

Akafika mbele ya zimwi. Zimwi likamtazama kutoka juu.

"Wewe mwanamke," likasema, "mbona hupigi goti? Maisha yako yote umekuwa ukipiga goti mbele ya maji. Mimi ndiye maji sasa."

"Sisi watu wa Ngeria tunampigia goti anayetoa," akasema Nakunda. "Hatumpigii goti aliyemeza."

Waliokuwa wakitambaa wakakoma palepale walipofika. Zimwi likamwambia tena apige goti. Akakataa. Likamwambia mara ya tatu, na sauti yake haikuwa nzuri tena. Nakunda akakataa mara ya tatu, akaongeza kwamba kama lina njaa, na limmeze naye, maana mume wake yumo humo na maji yake yamo humo, na yeye hajazoea kukaa mbali na vitu hivyo.

Zimwi likageuka, mdomo wa kisogoni ukafunguka, likammeza.

Nakunda akaanguka, akaanguka, akaanguka. Akatua kwenye matope ya vuguvugu. Mlikuwa na giza, na harufu ya majani yaliyooza. Akapapasa. Akashika gogo, akalijua kwa gome lake kuwa ni mvule. Akapapasa tena, akashika bega la mtu.

Walikuwa wazima, wanaume wote wale, wamekaa kwenye matope kama vyura wakati wa kiangazi. Kangero alikuwa miongoni mwao. Alipoisikia sauti ya mkewe alificha uso, ingawa gizani hakuna aliyemwona.

Nakunda akamwuliza maji yako wapi. Kangero akamwonyesha kwa kumwongoza mkono. Mamvua alikuwa amelala mahali pa chini kabisa, kimya, bila kiwimbi, kama mtu aliyeugua akageukia ukutani.

Nakunda akapiga goti. Moyoni alikumbuka ile asubuhi moja aliyouachia mlango. Akagusa maji kwa vidole, akaimba:

*Mamvua, umelalaje?*
*Sisi wako tumeamka.*

Maji yakatikisika kidogo, yakatulia.

Akaimba mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi. Maji yakapanda mpaka vidoleni mwake, yakashuka.

Ndipo akaelewa. Mamvua hakutaka sauti moja. Waliomsahau walikuwa wengi.

Akawageukia wanaume, akawaambia waimbe naye. Wakasogea nyuma gizani. Akamwambia mume wake peke yake.

"Mama Naetwe," Kangero akasema, "mimi niliuangusha mkuyu kwa mkono huu. Mkuyu ambao babu yangu alimiminia. Nitamwita Mamvua kwa mdomo gani?"

"Kwa huohuo ulio nao," akasema Nakunda. "Mimi pia nilikaa ndani asubuhi ile. Mwite na aibu yako, Baba Naetwe. Ukingoja aibu iishe, mtoto atakuwa amekufa."

Kangero akatambaa kwenye matope. Akagusa maji. Sauti yake ilitoka imevunjika, na nusu ya maneno alikuwa ameyasahau, ikabidi Nakunda amtangulie. Mwanamume wa pili akafuata. Wa tatu akafuata. Kisha wote wakaimba ndani ya tumbo la zimwi:

*Mamvua, umelalaje?*
*Sisi wako tumeamka.*
*Tunateka, hatunyang'anyi;*
*tunakunywa, hatukaushi.*

Na Mamvua akaamka.

Maji yakapanda mpaka magotini. Huko nje zimwi likashika tumbo, likasema, "Tulia." Maji yakapanda mpaka kiunoni. Zimwi likasema, "Tulia, nakuamuru." Maji yakapanda mpaka kifuani, na magogo yakaanza kuelea, yakatoa machipukizi humohumo gizani. Zimwi likapiga yowe, "Tulia, tulia." Lakini lingeyaitaje? Halikulijua jina la maji yale. Lilijua kumeza tu, na maji hayamtii asiyeyajua kwa jina.

Watu waliokuwa nje, wale waliokuwa wametambaa, wakasikia wimbo ukitoka tumboni. Mfumwa Mrindoko ndiye aliyeusikia wa kwanza. Akainuka kutoka mavumbini, akafuta mdomo kwa kiganja, akauitikia. Wote wakainuka. Wakaimba kutoka nje kama wenzao walivyoimba kutoka ndani, na zimwi likawa katikati ya nyimbo mbili.

Zimwi likapasuka.

Lilipasuka kuanzia mdomo wa kisogoni hadi unyayoni, kama chungu kilichochomwa kikiwa kibichi. Maji yakatoka kwa ngurumo, na pamoja na maji wakatoka watu, na magogo, na matope meusi yenye rutuba ya nchi zote zilizokuwa zimemezwa. Maji yaliteremka mlima, yakaingia kijitoni, yakapita kijijini, yakafika mpaka bondeni kwenye ile nchi ya vumbi. Bibi yake Naetwe akayateka kwa kiganja mbele ya mlango wake, akamnywesha mtoto. Naetwe akakohoa, akaomba tena.

Zimwi likabaki ngozi. Jua likaikausha, upepo ukaichukua.

Mamvua akarudi chini ya mawe yake mawili.

Sasa msidhani kila kitu kilirudi siku ileile. Mkuyu mkubwa haukusimama tena. Mivule iliyoanguka ilibaki imeanguka, na mlima ulikuwa na upara ambao watu waliona uchungu kuutazama. Mfumwa Mrindoko alikwenda kwa Nakunda, akavua kofia yake ya utawala, akataka kumpigia goti. Nakunda akamwinua, akamwonyesha ardhi. Akamwambia deni lake liko pale.

Basi Mfumwa akapanda mti wake wa kwanza mbele ya watu wote, kwa mikono yake, na kiangazi kizima alibeba maji kichwani kuumwagilia. Na kila mwanamume aliyekuwa amekata alipanda mahali alipokata, akauita mti wake kwa jina, akausalimia kila alipopita mpaka ukamzidi urefu. Kangero alipanda mkuyu. Alikuwa akikaa nao muda mrefu kuliko wengine, na hakuna aliyemwuliza wanazungumza nini.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Nataka niwaambie ya asubuhi iliyofuata.

Asubuhi iliyofuata Nakunda alijifunga kanga kama kawaida yake, akashika mlango, na mara hii hakuna aliyemzuia. Akapanda mpaka chemchemini. Akapiga goti, akagusa maji, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Alikuwa ameiacha tumboni mwa zimwi. Akajaribu tena, koo likatoa pumzi tu. Akaogopa, akafikiri, leo tena Mamvua hatasalimiwa.

Ndipo akasikia miguu nyuma yake.

Alikuwa Kangero, na Naetwe begani. Nyuma ya Kangero alikuwa Mfumwa. Nyuma ya Mfumwa walikuwa wazee, akina mama, wanaume wenye matope bado masikioni, Ngeria nzima, imejaa mpaka kwenye magogo. Hakuna aliyewaita. Walipiga goti wote pale walipofika, wengine kwenye jiwe, wengine kwenye matope, wakaimba. Waliimba vibaya. Wengine walitangulia, wengine walichelewa, na Mfumwa alikosea mstari wa tatu.

Maji yakapanda. Yakafika gotini mwa Nakunda, yakapita, yakafika magotini mwa watu wote.

Nakunda hakuimba siku hiyo. Aliinuka, akasimama kando ya maji yake katikati ya watu wake, kichwa juu, akasikiliza.

Na tangu siku hiyo hadi leo, watu wa Ngeria hawamwachii mtu mmoja kuisalimia nchi. Ukipita huko alfajiri utawasikia. Ukiwacheka, watakupa maji ya kunywa.

Hadithi yangu imeishia hapo, mguuni pa mlima. Iliyo tamu ibebeni, iliyo chungu niachieni nilale nayo. Na funzo lake ni hili: ardhi ni mzazi, nayo ina jina. Anayeisalimia haibiwi, na anayeisahau humezwa pamoja nayo.